Maji Itapita Wapi?

Shimo lililo mbele ya kibanda cha mama muuza mikate, kwenye mtaa wetu wa Dilala, mjini Kolwezi, Kongo, nalijua tangu lilipokuwa ufa. Mwezi wa Novemba lilikuwa mstari mwembamba juu ya lami, ungedhani ni uzi uliodondoka kwenye kikapu cha fundi cherehani. Desemba uzi ule ukazaa nyuzi, nyuzi zikakutana, na kipande kizima cha barabara kikawa kama ngozi ya mamba. Baada ya Mwaka Mpya gamba la kwanza likang'oka. Tangu hapo nikawa nalipima kwa viatu vyangu, kisigino kwa ncha, kila Jumamosi asubuhi nikienda kununua mikate ya moto. Kiatu kimoja. Viatu viwili na nusu. Januari ilipokwisha, vilikuwa vitatu na ushee, na kina cha kumwangusha motari wa pikipiki aliyebeba abiria wawili. Mtu mmoja, sijui nani, akachomeka tawi la mti katikati. Hiyo ndiyo alama ya barabarani ambayo kila dereva wa nchi hii huisoma bila kufundishwa.

Kisha siku moja wakaja watu wa kuliziba. Walikuwa na lori dogo, makoleo manne na lundo la lami lililokuwa bado linafuka. Usiku wa jana yake mvua ilikuwa imenyesha, na shimo lilikuwa limejaa maji mekundu hadi mdomoni. Wakamwaga lami juu ya maji yale yale. Ikachemka, ikatoa mvuke, maji yakatoka pembeni yakitafuta pa kwenda, wakaipigapiga kwa migongo ya makoleo. Mama alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta. Hakuinua hata kichwa.

“Papa, munafukia tu. Maji itapita wapi?”

Kiswahili chetu cha huku hakijisumbui sana na ngeli, na msomaji wa pwani atanisamehe nikikiacha kama kilivyo. Mkubwa wa wale mafundi alimjibu kwa heshima, kama mtu anavyomjibu mama yake: “Maji haiko kazi yetu, mama. Sisi walituambia shimo.”

Wiki tatu baadaye kiraka kilikuwa kimelala kando ya barabara, kizima, kigumu, kama kifuniko kilichobanduliwa na sufuria. Shimo lenyewe lilikuwa pale pale. Nikapima: viatu vinne. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari swali la yule mama, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba wahandisi wa karne tatu hawajaongeza mengi juu yake.

Tunaposema barabara tunafikiria lami, lakini lami ni paa tu. Nyumba yenyewe iko chini: kuna tabaka la kokoto zilizoshindiliwa, kisha tabaka la changarawe, kisha udongo wa asili, ambao kwetu ni huu mwekundu unaochafua soksi za watoto wa shule. Vikiwa vikavu, vitu hivi vina nguvu ya ajabu. Kokoto hubanana meno kwa meno, na gari likipita juu uzito wake hugawanywa kutoka jiwe hadi jiwe mpaka unapofika kwenye udongo umekuwa mwepesi wa kubebeka. Lami haikuwekwa pale ili ibebe mzigo peke yake. Kazi yake kubwa ni kuwazuilia wenzake mvua.

Jua la kiangazi huikausha lami, huipunguzia mafuta yake, ikakakamaa na kupasuka. Mvua ya kwanza hupenya kwenye ufa na kukaa chini. Gurudumu linapokuja, maji yaliyonaswa hayana pa kukimbilia, nayo maji hayakubali kubanwa. Basi hurudi juu kwa nguvu kupitia ufa ule ule, yakibeba chembe laini za udongo zilizokuwa zimeshikilia kokoto. Simama pembeni ya barabara baada ya mvua, utaona lori likipita na ufa ukitema rangi nyekundu. Ile rangi ni msingi wa barabara unaotoka, kijiko kwa kijiko. Baada ya magari elfu kadhaa panakuwa na uwazi chini, na lami imekuwa daraja lisilo na nguzo. Siku inapovunjika, tunasema shimo limetokea. Halikutokea siku hiyo. Siku hiyo lilivuliwa nguo tu.

Huko Ulaya na kaskazini mwa Amerika maji yana msaidizi, nayo ni baridi. Yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, yakainua lami, kisha yakayeyuka na kuiacha ikining'inia hewani. Ndiyo maana kule msimu wa mashimo ni mwisho wa majira ya baridi. Sisi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na asubuhi za Juni zinatutoa moshi mdomoni, lakini barafu haihitajiki kuharibu barabara za Kolwezi. Mvua za Oktoba hadi Aprili, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, zinatosha. Kifaransa cha shuleni kililiita shimo la barabarani kiota cha kuku. Utotoni nilidhani ni mzaha, hadi nilipomtazama kuku akijichimbia kiota kwenye vumbi. Hachimbi kwa haraka. Hukaa, hujizungusha, hutulia, huzunguka tena. Maji nayo hufanya hivyo hivyo. Hayahitaji nguvu nyingi wala haraka, yanahitaji kuachwa yakae.

Mwenzake wa maji ni uzito, na juu ya uzito jimbo letu la Lualaba lina mengi ya kusema. Karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani walijenga barabara za majaribio zinazozunguka na kurudi pale pale, na kati ya 1958 na 1960 wakayaendesha juu yake malori yaliyopakiwa mizigo tofauti kwa takriban miaka miwili, kusudi waone kila uzito unaharibu kiasi gani. Jibu lao liliwashangaza wengi. Uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara hayaongezeki mara mbili. Huongezeka takriban mara 16. Ukiongezeka mara kumi, madhara ni mara 10,000. Yaani ekseli moja ya lori yenye tani 10, ambacho ni kipimo kinachokubaliwa katika nchi nyingi za ukanda huu, huiumiza barabara kama ekseli 10,000 za tani moja moja. Na anayepakia tani 13 badala ya 10, akisema kaongeza kidogo tu, anaiumiza karibu mara tatu ya aliyefuata kipimo.

Sasa chukua hesabu hiyo uilete kwetu. Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, na sehemu kubwa ilitoka katika ardhi hii ya Lualaba. Kwa lori la tani 30, kila tani milioni moja ni safari zaidi ya 33,000 kupitia Fungurume, Likasi na Lubumbashi hadi Kasumbalesa, na kutoka hapo kwenda Dar es Salaam, Beira, Durban au Walvis Bay. Wala malori hayarudi matupu: yanarudi na salfa, chokaa, mafuta na mashine. Uzito huu haukuumbiwa lami. Aliyefikiria kwanza namna ya kuitoa shaba hii alifikiria chuma: mwaka 1931 reli kutoka huku iliunganishwa na ile ya Benguela kupitia Dilolo, ili mzigo ushuke hadi bandari ya Lobito. Mwaka 1975 Angola ilipata uhuru na vita vikapamba moto, njia ile ikafungwa. Reli yetu wenyewe nayo ikadhoofika mwaka hadi mwaka. Mzigo haukupungua; ulihama tu kutoka kwenye chuma ukaja kukaa juu ya kokoto. Desemba 2023 shehena ya majaribio ya takriban tani 1,100 ilitoka tena Kolwezi kwa treni, ikafika Lobito baada ya siku nane hivi. Wengine walihesabu dola. Mimi nilihesabu ekseli ambazo hazikupita.

Lakini nisiwasingizie madereva wa malori. Mtaani kwetu malori ya shaba hayapiti, isipokuwa siku barabara kuu imeziba na wenye haraka wakajipenyeza. Hupita lori la bia, lori la mchanga, taksi na pikipiki. Shimo letu ni la maji hasa. Na ukitaka kujua maji yale yametoka wapi, usitazame shimo. Geuza shingo utazame kanivo, mfereji wa pembeni. Wetu una mchanga, mifuko ya plastiki, maganda ya mihogo, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho nimekizoea kama jirani. Mvua ikinyesha, maji hayaoni mfereji. Yanaona barabara.

Wazee wa huku wana neno: kantonye. Ni mtu wa barabara, mwenye jembe na koleo, ambaye kazi yake si kujenga bali kupita kila siku kwenye kipande chake, akifungua mfereji hapa, akijaza kishimo pale kabla hakijapata jina. Neno lina safari ndefu. Katika karne ya 18 mhandisi Mfaransa Pierre Trésaguet, aliyefanya kazi Limoges, alisisitiza kwamba barabara haihitaji matengenezo makubwa ya mara moja moja, bali mikono midogo ya kila siku. Ufaransa ikaja kuwagawia watu vipande vya barabara, na kwa vile kipande kimoja kiliitwa kantoni, mwenye kukitunza akaitwa kwa jina hilo. Mskoti John McAdam, ambaye jina lake limebaki kwenye lami za lugha nyingi, alifundisha jambo la jirani na hilo: anayebeba mzigo kwa kweli ni udongo wa asili, na ukiwa mkavu utabeba, ukilowa utazama. Mmoja alisema toa maji kila siku, mwingine akasema udongo usilowe. Mama wa mikate, ambaye hajamsoma yeyote kati yao, aliuliza yapite wapi.

Kwa nini basi kazi ambayo kila mwenye akili ameiona kuwa ndiyo kiini imekuwa yatima kwetu? Nadhani ni kwa sababu ilikuja na kapita, msimamizi wa kuamrisha. Wakati wa Wabelgiji vijiji viliamriwa kutunza barabara, na aliyechelewa alijua kilichomngoja. Wakati wa Mobutu ikaja salongo, kazi ya pamoja ya kuamriwa, watu wakifyeka na kuzibua mifereji huku wakitazama nani anaandika majina. Mjini kwetu kampuni ya migodi, Gécamines, ilitufanyia hata hayo. “Gécamines njo baba, njo mama,” walisema wazee wa kambini, na baba yule alilipa mshahara, akatoa unga, akasomesha watoto, akasafisha mitaa. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji wa kampuni, uliokuwa umezidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukaanguka hadi chini ya tani 50,000 katika mwongo uliofuata. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Tukahesabu mishahara iliyopotea, shule na hospitali. Mifereji hatukuihesabu. Maji nayo yalikuwa yamefiwa na baba.

Kwa hiyo mtu wa Dilala ana kumbukumbu mbili za kanivo: ama ni kazi ya kulazimishwa, ama ni kazi ya baba. Ya kwanza tuliichukia, na tulikuwa na haki. Ya pili tuliizoea, na mazoea yana taabu yake. Kumbukumbu ya tatu, ya mfereji ulio wangu kwa sababu maji yake yanaingia kwangu, haijapata muda wa kuota.

Wala si kweli kwamba sheria imenyamaza. Mwaka 2008 uliundwa mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaokusanya kutoka kwenye mafuta tunayonunua na kwenye vituo vya ushuru wa barabarani. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha wa mgodi: asilimia 25 kwa jimbo, na asilimia 15 kwa eneo la utawala ambamo mgodi umo, iwe wilaya ya mjini au usultani wa kijijini. Tangu Lualaba iwe jimbo mwaka 2015 na Kolwezi kuwa makao yake, lami mpya imetandikwa, na sisi tuliokula vumbi miaka mingi hatuna budi kushukuru. Nasema tu nilichokiona kwa macho. Nimeona picha nyingi za watu wamesimama juu ya lami mpya. Bado sijaona picha ya mtu amesimama ndani ya mfereji uliozibuliwa.

Kuziba shimo ipasavyo si siri. Kwanza unalikata kwa pembe nne, hadi ufike kwenye lami nzima, kwa sababu kingo za mviringo zilizochakaa hazishiki. Unatoa maji, unatoa tope, unatoa kila kilicholegea, hata kama shimo litakuwa kubwa zaidi ya ulivyolikuta. Hapo ndipo wenye haraka hushindwa, maana nani atamweleza mkubwa wake kwamba amelipanua shimo? Chini unarudisha kokoto na kuzishindilia kwa matabaka. Unapaka bitumini kwenye sakafu na kwenye kuta, ili kipya kiungane na cha zamani. Unatia lami, unashindilia, unatia tena, unashindilia, hadi iwe sawa na barabara au juu yake kidogo tu. Unaziba mshono kwa bitumini, maana mshono ni ufa unaosubiri. Halafu unakwenda pembeni, unafungua mfereji. Asiyefanya hili la mwisho amefanya yote bure, na asiyefanya mengine akafanya hili peke yake amefanya zaidi ya nusu.

Watu wamejaribu mengine. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba katika mitaa ya mawe ya Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, walikuta matone na mabaka ya chuma. Wenyeji waliyeyusha chuma wakakimimina kwenye mifuo iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Wale walikuwa na barabara mbovu wakatafuta metali ya kuiziba. Sisi tunatoa metali, na kuitoa kwenyewe ndiko kunakozichimba barabara.

Ila kicheko kilinikatika nilipokumbuka jambo. Mji huu unalijua vizuri swali la mama. Hakuna mji unaolijua zaidi. Zunguka Kolwezi, utakuta mashimo ambayo nyumba ya ghorofa ikishushwa ndani haitaonekana kichwa, na katika kila moja jambo la kwanza kushughulikiwa ni maji. Shimo la KOV, lililokuwa fahari ya Gécamines, pampu ziliposhindwa liligeuka ziwa. Waliokuja kulifufua miaka ya 2000 walianza na pampu, si na machimbo. Kijana anayechimba kwa mkono, yule aliyeshuka chini ya sakafu za nyumba za Kasulo ilipojulikana mwaka 2014 kwamba kobalti iko pale, hutazama mawingu kabla hajashika kamba. Wote hao, mhandisi mwenye kofia ngumu na mchimbaji mwenye ndala, huuliza maji yatapita wapi kabla ya kuuliza lingine lolote. Wasipouliza, watakufa, au watafilisika.

Basi si ujinga. Tunaliuliza swali hilo kwenye shimo tunalolihitaji, tunalisahau kwenye shimo linalotuumiza. La kwanza lina mwenyewe. La pili ni la kila mtu, na methali hatukosi: mgeni wa wengi hulala na njaa.

Jumamosi iliyofuata ile niliyopima viatu vinne, nilimkuta mama ameacha mafuta yake, jembe mkononi, ameinama kando ya barabara. Alikuwa ametoa mchanga wa mfereji kwa urefu wa kibanda chake na cha jirani yake, muuza makaa, akaurundika mbele ya mlango wake, maana mchanga safi hauachwi upotee. Kile kiatu cha mtoto alikuwa amekianika juu ya jiwe, kama kwamba mwenyewe angepita kukichukua. Kisha akatoboa kijia chembamba, upana wa kiganja, kutoka ukingo wa shimo hadi kwenye mfereji.

“Mama, nani alikuambia ufanye hii?” nilimuuliza.

“Nani aniambie? Maji inaingia kwangu.”

Nilivua viatu nikamsaidia hadi kwenye nyumba ya tatu, ambako mfereji unapita chini ya ukuta na mikono yetu ikakoma. Sikujiona shujaa, mgongo uliniuma siku mbili. Wiki ile ilinyesha mara nne, na mara moja ilinyesha kweli, ile mvua ya Machi ambayo bati hupiga kelele hadi mtu akaacha kuongea. Jumamosi nikaenda kununua mikate. Tawi la mti lilikuwa bado limesimama katikati ya shimo. Chini kulikuwa na tope kidogo, na juu ya tope hilo alama za miguu ya kuku.

Nikapima, kisigino kwa ncha. Viatu vinne. Nikapima tena, nikidhani nimekosea. Viatu vinne, kama wiki iliyopita.